Silaha ya Kumnyamazisha Mdudu

Mnamo Desemba 2023 Marekani iliidhinisha ledprona, dawa ya kumpiga mbawakawa wa Colorado, adui wa viazi aliyekwisha kuzizoea sumu nyingi. Akila jani lililonyunyiziwa, RNA ya dawa hunyamazisha jeni moja tu. Mtambo wa kuondoa protini chakavu selini husimama, taka hujaa, naye hufa. Askari angesema: amekatiwa simu ya makao makuu.

Lakini viwavijeshi vamizi, walioonekana Afrika mwaka 2016 na kuvuka mipaka ya majirani zetu bila hati, hawanyamazishwi kirahisi hivyo. Miili yao huivunjavunja RNA kabla haijafanya kazi. Dhidi yao bado twategemea mitego, na taarifa ya jirani aliyewaona kwanza.