Zakayo Hakudaiwa

Msikilizaji, Jumapili moja miaka kadhaa iliyopita nilifika kanisani nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Ilikuwa orodha ya washarika ambao hawajamaliza ahadi zao, kila jina na kiasi chake, kwa kalamu nyekundu. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alilitafuta jina lake kwa kidole, akaliona. Akashusha mtandio usoni, akageuka, akarudi nyumbani. Kengele ya ibada ilikuwa bado haijalia.

Hofu inajua kukusanya fedha, hilo silikatai. Lakini mkumbuke Zakayo wa Yeriko, yule ambaye watoto wetu wa shule ya Jumapili wanamjua kwa ufupi wake na mti wa mkuyu. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru, tajiri wa jasho la jirani zake. Yesu alipofika chini ya ule mti hakumsomea madeni. Alimwita kwa jina, akamwambia siku hiyo atakuwa mgeni wake. Watu walinung'unika, na mimi ningenung'unika. Ndipo Zakayo akasimama mwenyewe, bila kudaiwa na mtu, akatangaza kwamba nusu ya mali yake ni ya maskini, na kila aliyemdhulumu atarudishiwa mara nne.

Itazame hesabu hiyo. Torati ilimtaka aliyedhulumu akakiri arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Mwenye hofu angeishia hapo, tena kwa shingo upande. Zakayo alipita mbali mno, kwa sababu alikuwa amekwisha kupokelewa. Mgeni alikuwa ndani ya nyumba yake.

Tunaogopa kuihubiri neema hivi ilivyo. Tunadhani mtu akiambiwa Mungu amemsamehe bure, atabweteka. Lakini historia yetu wenyewe inakataa. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Tanganyika na Kenya, ulijulikana vijijini kwa jambo hili: watu walirudisha vitu walivyoiba. Watu hao, walioitwa Walokole, waliwaendea waliowakosea, wakaungama mbele za watu, wakalipa madeni ya zamani. Nyuma yao hapakuwa na askari wala orodha mlangoni. Waliamini kwamba deni lao kubwa limekwisha kulipwa msalabani, na haya madogo yakawa mepesi mikononi mwao.

Mama yule angeweza kutoa kwa moyo huo. Sisi tulimpa aibu kwanza.

Wazee wa kanisa mnaonisikiliza, kama mlangoni kwenu kuna karatasi kama ile, ibandueni leo. Kisha waendeeni nyumbani wale ambao majina yao yalikuwamo. Ketini, mnywe nao chai, na habari za ahadi msizitaje siku hiyo.