Kuingia mu kazi ya ualimu: nani anashika funguo ya mlango?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana waliomaliza masomo, Butembo)



Waliniomba niseme juu ya kuanza kazi ya ualimu. Niko na lisansi ya pedagojia, niko na miaka 25, na sina kazi. Kwa hiyo sitasimama hapa kama mtu mwenye kufika. Nitaeleza njia yenyewe vile imejengwa, sababu wengi wetu tunaingia humo macho yamefungwa. Unapata diploma, unapiga shati pasi, unapeleka barua ku shule tano, unangoja simu. Simu haiite. Kisha miezi sita unaanza kufikiri kama ni weye hauna akili, na nyumbani wanaanza kufikiri vilevile. Hapana. Mlango uko na watu wenye kuushika, na kazi yao inaweza kuelezwa.

Jambo la kwanza la kujua: shule nyingi za Leta hapa kwetu haziendeshwi na Leta yenyewe. Tangu mikataba ya mwaka 1977, makanisa ndiyo yanaendesha, Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, na Waislamu nao wako na zao. Leta inalipa, ao inasema italipa. Maana yake, mwenye kukuingiza na mwenye kukulipa si mtu moja na hawakai mu ofisi moja. Papa prefe ao direktere anakuchagua. Kordinasiyo ya kanisa inakuandikia barua ya kukutuma ku shule. Kama shule haiko ya kanisa, ni ofisi ya Sous-Proved inaandika. Siku unashika chaki, wanaandika karatasi yenye kuonyesha tarehe ulianza. Dosye inapanda ku DINACOPE, ile tulizoea kuita SECOPE, na huko njo wanakupatia namba ya matrikule. Kisha Kinshasa inaamua siku gani jina lako litaingia ku listi ya mshahara.

Nitasema hii polepole sababu inawadanganya wengi: matrikule haiko mshahara. Kuko walimu wenye matrikule miaka mingi na hawajagusa hata franka moja ya Leta. Kuko wenye wanaitwa NU, maana yake wapya, na mtu anaweza kuwa «mupya» mpaka anapata mvi. Kuko na wengine wanaitwa NP, wasiolipwa. Ukiingia mu sale ya walimu ya shule yoyote hapa mjini, uliza nani analipwa na Leta. Usishangae ukiona wanaangaliana.

Sasa, hawa watu wanakula nini? Hapa kuko historia kidogo. Mwanzo wa miaka ya 1990, wakati wa Mobutu, Leta ilishindwa kulipa walimu, masomo yakasimama. Wazazi na makanisa wakakubaliana wazazi watoe kitu ili masomo iendelee. Ilikuwa ya kusaidia kwa muda. Ikabaki. Miaka karibu makumi tatu mwalimu wa Congo aliishi na pesa ya mama mwenye kuuza sombe, na shule ikazoea kuongeza walimu bila kungoja Leta, sababu minervale ilikuwa inawalipa. NP wengi walizaliwa namna hiyo.

Kisha ikakuja elimu ya bure. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilishasema kama shule ya msingi ya Leta ni ya lazima na ni bure. Iliandikwa, haikufanyika, mpaka mwezi wa tisa 2019. Mimi niko upande wa elimu ya bure, niseme wazi ili mtu asigeuze maneno yangu. Watoto waliokuwa wanafukuzwa juu ya minervale wameingia darasa. Lakini angalieni NP wa shule ya msingi alipata nini: pesa ya wazazi ilikatazwa, na jina lake halikuwa ku listi ya Leta. Siku moja tu, mifuko miwili ikawa tupu. Ni kweli serikali iliingiza walimu wengi ku listi tangu pale, lakini iliacha wengine nje, na darasa zikajaa. Mtu anafundisha watoto mia moja, na yeye mwenyewe anaomba deni ya mchele ku butiki.

Shule ya sekondari, wazazi wanaendelea kulipa. Njo maana sisi wenye lisansi tunakimbilia huko. Prefe anagawa kidogo ile inapatikana, na inapatikana kama watoto wanalipa. Mama akikimbia vita na kuacha shamba, mtoto halipe. Mwalimu wa fizika mu Butembo anapoteza mshahara sababu ya risasi iliyolia mbali na yeye. Na walimu wenyewe waliokimbia Kanyabayonga mu mwezi wa sita 2024 wako kati yetu hapa, wanatafuta saa za kufundisha kama sisi.

Tuingie sasa mu soko.

Tunawajua makomisionere wa nyumba: haiko nyumba yake, haiko pesa yake, lakini bila yeye hauingie. Leo kuko komisionere wa darasa. Anaweza kuwa mwalimu wa zamani, ao sekretere wa ofisi, ao mtu wa parokia mwenye kujuana na watu. Anakuambia: «Mudogo, nafasi iko, lakini unajua vile mambo iko.» Unajua. Madesu ya watoto. Mimi niliambiwa dola 150 juu ya dosye yangu ipande, na ile shule nilikuwa nimefundisha mihula miwili bila kulipwa. Sikutoa. Si juu ya utakatifu, sikuwa nazo. Mwenzangu alizipata, baba yake aliuzisha mbuzi mbili na simu. Alipata karatasi yenye muhuri. Mpaka leo hii karatasi haijamletea kitu, na komisionere alishabadilisha namba.

Hiyo ndiyo ubaya wa soko hii: hata wizi haina uhakika. Mwenye kupokea pesa hapa hana nguvu ya kuingiza jina Kinshasa. Anakuuzia kitu kisicho mkononi mwake. Mkubwa wa SECOPE alifika mbele ya tribunali kule Kinshasa mwaka wa 2021 juu ya pesa za walimu, na ofisi ikabadilishwa jina. Sisi huku chini, dirisha ni ileile na kiti ni kilekile.

Kwa wadada, bei haiko kila mara pesa. Nitasema kifupi, sababu wao wenyewe wanasema vizuri kunishinda na wawili watasema kisha mimi. «Kuya mangaribi tuzungumuze dosye yako.» Tangu lini dosye inasomwa mangaribi? Dada akikataa, wanasema ana kiburi; akipata kazi kwa nguvu zake, watu wa kwanza kumchafua ni sisi vijana wanaume. Hii ya mwisho tuiache leo, haiitaji ruhusa ya serikali.

Kuko namna ingine yenye haipigiwe kelele. Mwalimu mzee, analipwa, amechoka, ao ako mu biashara yake. Anatafuta kijana amufundishie darasa na kumpa sehemu ya mshahara. Kijana anashukuru. Mwisho wa mwaka, ku karatasi, kijana hayuko. Hakuna siku hata moja ya kazi yake imeandikwa. Na Kinshasa inaona nafasi imejaa, kwa hiyo haitafuti mtu. Nimeona wengine wanaendelea hivyo miaka.

Lakini nisiwatukane wazee wetu. Wengi wangeenda kupumzika kama pumziko ingekuwa na mkate. Papa mwenye alinifundisha kusoma ako karibu na miaka 70 na angali anasimama mbele ya darasa, miguu imevimba, sababu anaona wenzake waliotoka wanakufa mbele pesa ya pansiyo ifike. Yeye anakaa, mimi nangoja. Wanataka tugombane, mimi na yeye. Mu mwezi wa tisa 2024, walimu walipokataa kuanza masomo na kuomba mshahara wa dola 500, kuko vijana waliofurahi: «Wakifukuzwa, tutaingia.» Makamarade, ile kiti tungeingia humo ni kiti chenye hakilipe. Kuvunja mgomo wa mwalimu ni kununua shida yake kwa bei yote.

Swali lenye mulileta zaidi ku simu: nikubali kufundisha bure ili niwe ndani, ao nikatae? Wengine kati yetu wanasema kukataa kabisa. Mimi sikubaliane nao sana. Kijana mwenye kukaa nyumbani miaka mitatu anasahau hata namna ya kuandika ubaoni, na njaa haingoji azimio la mkutano. Lakini kuko kukubali na kukubali. Mbele uingie darasa, uliza papa direktere kama darasa hiyo iko na ruhusa ya Leta na kama iko mu bajeti, sababu shule zinafungua darasa za pembeni zenye Kinshasa haizijue, na mwalimu wa darasa yenye haijulikane hatajulikana kamwe. Uliza barua. Wakikuambia «barua itakuja, anza kwanza», omba hata karatasi ya mkono yenye tarehe na saini, hiyo tarehe njo itakutetea siku wataweka watu ku foleni. Usiache diploma ya kweli mu ofisi ya mtu, peleka fotokopi. Na kama tangazo ya kazi imepita ku WhatsApp na inaomba pesa ya dosye ku M-Pesa ao Airtel Money, hakuna haja ya kuuliza watu: ni wezi.

Kisha ujipatie mwisho. Mwaka moja, sema. Mwalimu wa bure asiye na mwisho hasaidii watoto, anasaidia Leta kujificha.

Sasa yenye tunaomba. Sheria ya 2016 juu ya wafanyakazi wa Leta inasema kuingia mu kazi ni kwa njia ya konkuru, mtihani ya kushindania nafasi. Tunaomba hii kanuni ifanyike mu shule pia, mbele ya macho ya watu: maswali yaleyale kwa wote, majibu ibandikwe. Tunaomba ofisi za Sous-Proved na kordinasiyo zote za mji zibandike ku mlango, mbele masomo ifunguliwe, listi ya nafasi zenye ziko wazi, na kisha listi ya wenye kuingizwa, pamoja na diploma yao. Haiombe pesa ya wafadhili, inaomba karatasi na gundi. Tunaomba NU na NP walipwe kwa kufuata tarehe walianza kazi. Na tunaomba wazee wapumzishwe na pansiyo mkononi, siku ileile.

Wengine watasema tunaota, tuko mu hali ya dharura tangu mwezi wa tano 2021, wakubwa ni waaskari na mapolisi, hakuna kuandamana. Tunajua, wengine kati yetu walilala mu kasho juu ya kubeba karatoni yenye maandishi. Njo maana tunaanza na barua. Barua iko tayari, kurasa mbili, inaenda kwa meya, kwa kordinasiyo na kwa Proved wa Nord-Kivu 2. Ina nguvu kama iko na majina, na hapa njo kuko shida yetu: kila mtu ana hadisi, hakuna mwenye kutaka jina lake lionekane, anaogopa dosye yake itawekwa chini ya zingine. Woga huu ni wa kweli, sitauchekelea. Lakini fikirini: dosye yako tayari iko chini. Na majina mawili yanafichwa kwa urahisi kuliko mia mbili.

Wenye wanaogopa kabisa, kuko daftari ya pili, bila jina: unaandika shule za kanisa gani ao za Leta, mwaka ulianza, kama uko NU ao NP, na kama uliombwa kitu. Wadada wawili wa timu yetu njo wanaishika, na haitatoka mikononi mwao. Tukiwa na hiyo hesabu, hakuna mkubwa atatuambia tena «hiyo ni kesi ya mtu moja moja».

Tunakusanya saini mpaka siku ya posho, kisha salongo, hapahapa. Muje na fotokopi mbili za barua yenu ya kazi kama muko nayo, na kalamu ya buluu. Mwenye hana barua aje vilevile, tutamwandikisha ku daftari. Barua inapelekwa siku ya kwanza saa tatu ya asubui, tunaenda kwa miguu, watu kumi tu, bila karatoni, na tutaomba muhuri ya mapokezi. Wakikataa kuipokea, tutakaa chini mbele ya ofisi na tutaisoma kwa sauti mpaka mtu atoke.

Sasa dada zetu wako na neno.