Kampuni ya Mke Kwenye Zabuni

Afisa anaketi katika kamati ya kutathmini zabuni ya barabara. Miongoni mwa waliowasilisha bei imo kampuni ya mkewe. Afanyeje? Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinamtaka ajiondoe. Hata kama bei ya mkewe ndiyo nafuu zaidi, kunyamaza si kinga. Kandarasi iliyopatikana hivyo hukatizwa, na gharama iliyoingia kaunti hulipwa na afisa aliyeitoa, kutoka mfukoni mwake. Isitoshe, anaweza kufungwa hadi miaka 10, kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4, au yote mawili. Barabara, bila shaka, hubaki na mashimo kesi ikiendelea. Mwenye habari aipeleke EACC, hata bila kutaja jina lake.