Mafao ya Askari Mstaafu: Matumizi au Deni?

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Lupiro



Kila mara hazina ya nchi yoyote inapopungukiwa, shauri moja hurejea mezani: yapunguzwe mafao ya waliokwisha kutumika, na askari wakiwa miongoni mwao. Si vigumu kuona sababu. Aliye kazini anaweza kulalamika na kazi ikazorota. Mstaafu amekwisha rudisha sare na bunduki, hana tena cha kugomea. Mkono wa mwenye kubana matumizi humfikia yeye upesi.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni ya Dodoma, wala si ya watu wa mpunga. Lakini askari hastaafu Dodoma. Huvuka daraja la Kilombero akitokea Ifakara, akarudi kwao Lupiro, Malinyi au Mahenge, na fedha yake ya mkupuo ndiyo inunuayo pawatila, mabati na hisa katika chama. Pawatila hiyo hulima pia mashamba ya majirani. Mkupuo ukipungua, upungufu hauishii kwake.

Wilaya ya Ulanga yaijua habari hii tangu zamani. Mahenge palikuwa na boma la Wajerumani, na askari wao Waafrika walipigana Vita ya Kwanza hadi mwaka 1918 wakidai mishahara. Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi ilikuwa bado inawalipa wazee wachache waliosalia. Deni lilikuwa limepita nusu ya umri wa mtu, na wengi wa wenye haki walikuwa wamekwisha zikwa. Katika Vita ya Pili, Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, wengine wakafika Uhabeshi, Madagaska na Burma. Walipoachishwa, bahshishi yao ilipimwa kwa rangi: askari mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika. Habari hiyo ilitangazwa upya mwaka 2019, wakati ambapo waliodhulumiwa walikuwa karibu wote wamefariki. Serikali ya kikoloni ilipunguza matumizi kweli kweli, na waliolipa tofauti ni wake na watoto wa vijijini.

Mfano wa karibu zaidi katika miaka ni wa Marekani. Desemba 2013, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya bajeti iliyopunguza kwa asilimia moja nyongeza ya kila mwaka, ile ya kufidia kupanda kwa bei, kwa wanajeshi wastaafu wenye umri chini ya miaka 62. Ilitarajiwa kuokoa kiasi cha dola bilioni 6 katika miaka kumi. Wastaafu walipaza sauti, na Februari 2014 kifungu hicho kikafutwa kwa wote walioingia jeshini kabla ya Januari 1, 2014. Baadaye, tangu Januari 1, 2018, waingiao jeshini huanza kwa utaratibu mwingine: aliyetumika miaka 20 hupata asilimia 40 ya mshahara badala ya 50, na serikali humwekea akiba pembeni. Hapo pana tofauti inayofaa kushikwa. Kijana anayeambiwa masharti mapya kabla ya kuapa anaweza kukataa. Aliyekwisha kutumika miaka 20 hawezi kuirudisha miaka yake.

Tanzania nayo ilikuwa na mjadala wake, wa kikokotoo. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni zilizofuata zikashusha mkupuo wa waliokuwa PSPF na LAPF kutoka asilimia 50 hadi 25. Desemba 28, 2018, Rais Magufuli aliagiza kanuni za zamani ziendelee hadi mwaka 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33, na bajeti ya Juni 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na hadi 35 kwa wale wa 25. Wanajeshi wa JWTZ hawakuguswa, kwa sababu pensheni yao hutoka Hazina. Askari polisi walikuwamo, na wabunge kadhaa waliomba watolewe.

Ilielezwa mara nyingi kwamba hakuna kilichopotea: mkupuo umepungua, malipo ya kila mwezi yameongezeka. Makatibu wanajua kupiga hesabu. Basi na waipige. Chukua mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi aliyetumika miezi 360. Kwa kanuni ya PSPF ya 1/540, kizidisho cha 15.5 na asilimia 50, mkupuo wake ni shilingi 37,200,000 na pensheni ya mwezi shilingi 200,000. Kwa kanuni ya Julai 2022 ya 1/580, kizidisho cha 12.5 na asilimia 33, mkupuo ni kama shilingi 18,434,000 na pensheni kama shilingi 249,500. Amepoteza karibu shilingi 18,766,000 na kupata nyongeza ya shilingi 49,500 kwa mwezi. Ili nyongeza ifidie upungufu, yahitajika miaka 31 na zaidi. Aliyestaafu na miaka 60 atakuwa amepita 91. Hayo si kugawa upya kilichokuwapo. Ni kupunguza, na yafaa yaitwe kwa jina lake.

Haki yadai upande wa pili usikizwe. Mfuko usio na fedha haulipi mtu, hata kanuni ikiwa nzuri namna gani. Lakini upungufu ule ulitoka wapi? PSPF ilipoanza mwaka 1999, ilibebeshwa kuwalipa watumishi kwa miaka waliyotumika kabla ya hapo, miaka ambayo hakuna mchango uliowekwa. Serikali ilipaswa kufidia, ikachelewa, deni likakua. Mwishoni mwa mwaka 2021 ndipo ilipotoa hati fungani za thamani ya shilingi trilioni 2.17 kulipunguza. Kwa hiyo ilipokuja kuambiwa kwamba wastaafu wanalipwa kupita uwezo wa mfuko, ilipasa kuulizwa kwanza ni nani hakuweka sehemu yake.

Wanaushirika wana sababu ya kuuliza hivyo. Wazee wakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipofutwa kwa tamko, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Waliokuwa wamejenga maghala kwa makato ya miaka mingi hawakuulizwa.

Lakini chama nacho ni mwajiri. Karani wa mizani na mlinzi wa ghala hawana PSSSF. Mfuko wao ni NSSF, na mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambayo mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Msimu wa mpunga ukiwa mbaya, mchango huo huwa wa kwanza kuahirishwa, kwa kuwa mlinzi haoni kinachokosekana mpaka siku anapoacha kazi. Katika mkutano mkuu ujao, mwanachama anayesomewa hesabu aombe aonyeshwe stakabadhi za NSSF mwezi kwa mwezi, na katibu awe nazo mkononi.