Mji Uliomchagua Farasi



Huenda baadhi yenu mmestaajabu mliposikia kwamba mada ya leo ni filamu ya katuni. Mtu ana haki ya kuuliza: je, mambo ya haki na amani yamekwisha hata tukae kuzungumzia vichekesho? Tunaliheshimu swali hilo. Lakini wazee wetu hawakuona haya kusema mambo mazito kwa ngano za sungura, fisi na simba. Watoto walicheka, na watu wazima walijua ni nani anayesemwa. Ndivyo tutakavyofanya leo. Tutaitazama hadithi fupi ya uchaguzi katika mji mmoja mdogo wa Marekani, kisha tutajiuliza ni jambo gani lililoukosesha mji ule kiongozi.

Hadithi yenyewe

Filamu hiyo inaitwa Ballot Box Bunny, jina ambalo tunaweza kulitafsiri kuwa Sungura wa Sanduku la Kura. Ilitengenezwa na kampuni ya Warner Bros., ikaongozwa na Friz Freleng, na ikaanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema mwaka 1951. Urefu wake ni kama dakika saba tu.

Mhusika wa kwanza ni Yosemite Sam, mtu mfupi mwenye masharubu makubwa mekundu, hasira za haraka na bastola kiunoni. Anagombea umeya. Katika hotuba yake anawaahidi watu kwamba akichaguliwa atawaangamiza sungura wote, asibaki hata mmoja. Sungura Bugs Bunny anayasikia maneno hayo. Anaona kwamba maisha yake yamo hatarini, na kwa kuwa dawa ya moto ni moto, anaamua kugombea naye.

Sungura anaanza kampeni yake kwa kujivika sura ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 1901 hadi 1909. Anautumia ule usemi uliompa Roosevelt sifa, wa kusema kwa upole huku umeshika fimbo kubwa. Inafaa kukumbuka kwamba Roosevelt mwenyewe alisema usemi huo ni methali ya Afrika Magharibi. Sam anamjibu kwamba yeye husema kwa kelele, ana fimbo kubwa zaidi, tena huitumia. Na papo hapo anamtwanga mwenzake.

Tangu hapo hakuna tena hotuba. Sam anawaachia siafu wakibebe chakula cha sungura. Sungura anaficha baruti ndani ya tikiti maji, nalo linalipuka mikononi mwa Sam. Kisha Sam anatega baruti ndani ya piano, ili ilipuke mpigaji akigusa kitufe fulani. Sungura anaupiga wimbo, lakini kila akifika mahali pale anakosea kitufe. Sam anashindwa kuvumilia, anamsukuma kando, anaupiga wimbo kwa usahihi, na anajilipua mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wakati wawili hao wanafukuzana, shangwe zinasikika. Wakigeuka, wanaona maandamano ya wananchi yakipita. Uchaguzi umekwisha, na meya mpya amepatikana: ni farasi jike.

Mzaha huo una mizizi miwili. Kwa Kiingereza, neno la meya na neno la farasi jike hutamkwa karibu sawasawa. Tena katika siasa za Marekani mgombea asiyetarajiwa huitwa farasi mweusi, msemo uliotoka katika mashindano ya mbio za farasi. James K. Polk, aliyeteuliwa na chama chake mwaka 1844 baada ya wakubwa kushindana pasipo mshindi, hutajwa mara nyingi kuwa farasi mweusi wa kwanza aliyeufikia urais. Watengenezaji wa filamu waliuchukua msemo huo na kuufanya kuwa farasi wa kweli, mwenye kwato.

Adui badala ya kazi

Ndugu wapendwa, tuanze na ahadi ya Sam. Kazi ya meya ni maji, barabara, taka, soko na matumizi ya kodi za wananchi. Katika filamu nzima Sam hataji hata kimoja kati ya hivyo. Anachokitoa ni adui. Huyo ndiye mgombea wa namna ya kwanza ambaye hatuna budi kumtambua. Hakuambii atakachojenga, bali anakuambia atakayemfukuza. Ahadi ya namna hiyo haina gharama kwa mtoaji. Haihitaji bajeti wala maarifa, na ikiisha kutimizwa, mtaro ulioziba utabaki umeziba vilevile.

Filamu hii haikuota katika ardhi tupu. Katika miaka ya 1950 na 1951, kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Seneta Estes Kefauver wa Tennessee ilizunguka katika miji mingi ya Marekani ikichunguza magenge ya wahalifu na uhusiano wao na viongozi wa serikali za mitaa. Mamilioni ya watu walivifuatilia vikao hivyo kwa televisheni, chombo kilichokuwa bado kigeni majumbani. Watazamaji walioingia katika sinema mwaka huo wa 1951 hawakuhitaji kuelezwa kwamba ofisi ya mji mdogo inaweza kugombewa kwa vitisho.

Hata baruti haikuwa ndoto ya wachoraji. Mwezi Agosti 1946, katika mji wa Athens, Tennessee, maofisa wa wilaya waliyabeba masanduku ya kura na kujifungia nayo katika jela ili wayahesabu bila mashahidi. Askari waliokuwa wamerudi kutoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliizingira jela ile kwa bunduki, wakatumia baruti, hadi maofisa wakasalimu amri. Kura zilipohesabiwa, mgombea wa askari hao alishinda. Lakini tusikimbilie kushangilia. Mapema mwaka 1947 baadhi ya viongozi wa upande ule ulioshinda walikiri hadharani kwamba walikuwa wameuondoa mtandao mmoja wa madaraka na kuanza kuujenga mwingine.

Sungura naye

Ungamo hilo linatuleta kwa sungura. Sisi tuliolelewa kwa ngano tunampenda tangu mwanzo. Ni mdogo, ameonewa, na hana silaha ila akili yake. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, Waafrika waliofanywa watumwa na wazao wao walisimulia visa vya sungura mjanja anayewashinda wenye nguvu, na ni vigumu kwetu kuvisikia visa hivyo bila kumtambua ndugu wa sungura wetu.

Lakini tutazame vizuri. Sungura amekuwa mgombea, naye je, ameuahidi mji kitu gani? Hakuna. Aliingia ili kujiokoa, na hilo si kosa. Kosa linakuja baadaye, anapoacha hotuba na kushika baruti kama mwenzake. Ujanja wa mnyonge anayekimbia simba ni ngao yake. Ujanja uleule katika mikono ya mtu anayetaka kushika fedha za umma ni jambo jingine kabisa. Wangapi kati yetu wamempigia mtu kura kwa sababu alimwaibisha mpinzani wake jukwaani, wakacheka, wakasahau kumwuliza atafanya nini?

Kuna jambo moja ambalo mtazamaji halioni kwa macho. Sauti za wagombea wote wawili, ya mkali na ya mjanja, zilitolewa na mtu mmoja, mwigizaji Mel Blanc. Hiyo ilikuwa desturi ya kazi yao tu. Hata hivyo, kwetu sisi wapiga kura ni mfano mzuri. Mara nyingine wagombea wawili wanaotupiana matusi mchana kutwa huwa, katika jambo linalotuhusu sisi, na sauti moja.

Wako wapi watu wa mji?

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Katika filamu hii nyasi zimeamua kumchagua farasi. Tunacheka. Lakini mambo ya namna hii yamewahi kutokea kweli, na kwa sababu mbili zilizo tofauti.

Mwaka 1938, katika mji mdogo wa Milton, jimbo la Washington, nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi, aitwaye Boston Curtis, alichaguliwa kuwa mjumbe wa chama cha Republican katika mtaa wake. Alipata kura 51, wala hakuwa na mpinzani. Aliyemwandikisha ni meya wa mji, Kenneth Simmons, wa chama cha Democratic, aliyetaka kuonyesha kwamba watu hupiga kura bila kumjua wanayempigia. Hao 51 hawakuwa wajinga kuliko watu wengine. Waliliona jina katika karatasi, wakaamini kwamba mtu mwingine amekwisha kulichunguza.

Mwaka 1959, katika jiji la São Paulo nchini Brazili, wapiga kura wapatao 100,000 walimpigia kura Cacareco, kifaru jike wa bustani ya wanyama, katika uchaguzi wa halmashauri ya jiji. Hao walijua vema wanachokifanya. Walikuwa wamechoshwa na rushwa na huduma mbovu. Sauti yao ilisikika duniani kote. Lakini kura za kifaru hazikuhesabiwa kuwa halali, na viti vya halmashauri vilikaliwa na wagombea walewale waliokuwamo katika orodha.

Basi tuna mji uliochagua mnyama kwa kutojua, na jiji lililochagua mnyama kwa hasira. Hatumlaumu mwenye hasira, kwa maana hasira juu ya wizi wa mali ya umma ni dalili kwamba dhamiri bado iko hai. Ila hasira isiyotafuta mtu wa kuibeba haijengi daraja. Farasi wa filamu hataiba fedha za mji, ni kweli. Lakini pia hatasoma hesabu za mapato na matumizi, na yupo mtu atakayezisoma kwa niaba yake. Mtu huyo hakuchaguliwa na yeyote.

Aliyekosekana

Ndugu wapendwa, sasa tunafikia swali tulilolianza. Ni nini kilichoukosesha mji ule kiongozi? Filamu inapoisha, wagombea wawili walioshindwa wanachezea maisha yao kwa bastola, wakijilenga kwa zamu. Kwa sababu hiyo tunawashauri wazazi wasiwaachie watoto wadogo waitazame peke yao. Lakini kabla ya bastola, na kabla ya farasi, kuna mtu ambaye hakuonekana kabisa. Ni mwalimu wa mji ule. Ni fundi wake, mkunga wake, mama anayeuza sokoni, mzee anayejua mpaka wa kila shamba. Hakuna hata mmoja wao aliyesimama kugombea.

Kwa nini? Filamu haisemi. Sisi hatuhitaji kuambiwa, kwa maana jibu tumelisikia katika vinywa vyetu wenyewe: siasa ni mchezo mchafu. Mtu mwadilifu anayeombwa agombee uongozi wa mtaa husema ana familia, ana heshima yake, hataki kuchafuliwa. Tunamwelewa. Pia tunapaswa kumwambia ukweli kwamba kiti hakitabaki wazi kwa kumngoja. Atakikalia mwenye fimbo kubwa, au mwenye hila nyingi, au tutacheka pamoja na kumpandisha farasi.

Kwa hiyo tunawaomba mfanye mambo matatu. Kwanza, kila mgombea wa mtaa au kijiji anapopita, mwulizeni kuhusu jambo moja lililo mbele ya macho yenu, kama vile kisima, zahanati au choo cha shule: litafanyika lini, kwa fedha ipi, na nani atakagua. Akijibu kwa kumtaja adui, mrudisheni kwenye swali kwa upole, hata mara tatu. Pili, lisomeni kila jina kabla ya siku ya kura, msije mkawa kama wale 51 wa Milton. Tatu, katika jumuiya zenu mkae chini mjiulize ni nani miongoni mwenu anayeaminika kwa fedha za watu na asiyetaka makuu. Mwendeeni mtu huyo, mwahidini kwamba hamtamwacha peke yake atakapoanza kutukanwa, kisha mtimize ahadi hiyo.

Tumecheka kidogo leo, na kicheko si dhambi. Mtakapokutana katika jumuiya zenu, hebu lizungumzeni swali hili: kama ule mji ungekuwa wetu, ni nani tungemwomba asimame, na sisi tungesimama wapi?