Wanga, Mafuta na Protini: Mizani ya Sahani kwa Anayepunguza Uzito

Mazungumzo mbele ya askari, jamaa zao na wakazi wa jirani na kambi



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya jambo linaloonekana kuwa la jikoni tu, ilhali limekwisha kuingia katika kazi zetu. Askari wa zamu ya usiku, dereva wa bodaboda, mwenye duka na karani wa ofisi wote hukaa kitako saa nyingi, kisha hula kwa haraka kilicho karibu. Tumezoea kukiita kitambi dalili ya neema. Lakini uzito uliozidi huambatana na shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti, na maradhi hayo hayabagui mwenye sare na asiye nayo.

Anayeazimia kupungua hupokea amri tatu zinazopingana. Mmoja humwambia aache posho. Wa pili humkataza mafuta. Wa tatu humshauri ale nyama peke yake. Tumsikilize nani?

Tuanze na hesabu. Gramu moja ya wanga huupa mwili kilokalori 4. Ya protini, 4. Ya mafuta, 9. Pombe nayo, ambayo wengi huisahau, ina 7. Mwili hupungua unapopokea nishati iliyo chini ya ile unayoitumia, kutoka chakula chochote kile. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya utafiti wa miaka miwili juu ya watu 811 wenye uzito uliozidi. Waligawanywa katika milo ya namna nne: mingine yenye mafuta mengi, mingine machache, mingine yenye protini nyingi, mingine ya kadiri. Makundi yote yalipungua kwa kiasi kinachokaribiana. Waliohudhuria vikao vya ushauri mara nyingi zaidi ndio waliopungua zaidi.

Kwa nini basi tuzungumzie mizani? Kwa sababu njaa ndiyo inayovunja maazimio, na mizani njema huituliza. Protini hushibisha kwa muda mrefu na huilinda misuli wakati mwili unapungua. Wanga wenye nyuzinyuzi, kama maharage, viazi vitamu na unga usiokobolewa, humeng'enywa polepole kuliko mkate mweupe na soda. Mafuta yanahitajika ili mwili uweze kufyonza vitamini A, D, E na K. Kosa lake ni wingi tu.

Igawe sahani yako hivi. Nusu iwe mboga: dodo, sukuma wiki, kabichi, biringanya. Robo iwe protini: maharage, mukene, samaki, mayai au kuku. Robo iliyobaki iwe posho, matoke, wali au muhogo. Sahani nyingi za kwetu zimepinduliwa: posho ni mlima, maharage ni kijito, mboga ni pambo. Hatukatazi posho, tunaupunguza mlima.

Mtu mzima huhitaji angalau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 80, basi, ahitaji gramu 64 kwa siku. Mayai mawili yatampa 12 hivi. Gramu 300 za maharage yaliyopikwa, 27 hivi. Gramu 100 za samaki aliyepikwa, 26 hivi. Jumla ni 65. Asiyemudu samaki mkubwa asione haya kununua mukene: ni protini ile ile.

Sasa tutazame mahali nishati inapojificha. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kilokalori zipatazo 120. Chapati iliyoviringishwa mayai, ile tuiitayo rolex, si adui. Mayai yake ni mema. Mwombe mpishi apunguze mafuta na aongeze nyanya na kabichi, nawe utosheke na chapati moja. Karanga nazo zina lishe, ila karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Zipime kwa kiganja, usizile kutoka mfukoni bila hesabu.

Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa anayetumia kilokalori 2,000. Anayekunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, amekwisha kufikia gramu 48. Akiongeza soda moja amevuka mpaka.

Tahadhari nazo ni hizi. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asipunguze wanga kabla ya kumwona mganga wake, kwani sukari ya damu yaweza kushuka ghafla na kumwangusha. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini bila ushauri. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiwekwe katika mpango wa kupungua kwa amri ya nyumbani. Na vidonge na chai za kukondesha zinazouzwa vituo vya mabasi, ambazo muuzaji wake hajui zina nini, msizinunue.

Msiwe na pupa. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki yatosha. Mwenye kilo 90 akipungua kilo nne na nusu tu, shinikizo la damu na sukari vyaweza kuanza kutengemaa. Aongeze mwendo wa miguu, dakika 150 kwa wiki.

Mwisho, nakumbusha habari ya wale waliohudhuria vikao. Peke yake mtu huchoka. Pamoja na wenzake huona haya kuacha. Kambi na kijiji vina uwanja mmoja, na jioni haina ada. Tuanze matembezi ya pamoja mara tatu kwa wiki, askari na raia, tukipimana uzito kila mwezi bila kuchekana. Watu wanaotembea pamoja hujuana, na wanaojuana hulindana.