Somo la Kumi na Nne: Mwana Aendaye Mjini



Juma lililopita tulisema juu ya Sakramenti ya Kipaimara. Tuliuliza: Msimamizi ana kazi gani? Nanyi mlijibu vema: kumsaidia mwana wake wa kiroho aishi kikristu. Leo nawauliza swali lililo gumu kuliko lile. Kazi hiyo yakoma lini? Je, yakoma siku kijana apandapo lori kwenda mjini?

Mimi ninayesema nanyi nilikosa katika jambo hili. Kulikuwa na kijana wa kijiji chetu ambaye nilimsimamia Kipaimara. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama yake ameolewa tena. Yule baba wa kambo hakumpiga, lakini wakati wa chakula alimhesabia kila tonge. Kijana alipofikia miaka kumi na sita, alinijia jioni moja akasema, "Baba, nakwenda Goma. Niandikie barua kwa Mkristu yeyote umjuaye kule." Nilikuwa juu ya paa la kapela, nikiezeka. Nikamjibu, "Rudi kesho." Kesho yake hakuwapo.

Ilipita miaka miwili. Nikashuka Goma kwa mkutano wa wakatekista, nikapita Birere penye soko. Kijana mmoja alikuwa akisukuma chukudu yenye magunia ya makaa, jasho likimtoka, na kinywa chake kikinuka kanyanga. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. Akasimamisha chukudu yake, akaniamkia kwa heshima, kisha akauliza, "Baba, ile barua umekuja nayo?"

Sikuwa na neno la kumjibu.

Sisi wa vijijini twapenda kusema kwamba mji ndio unaowaharibu vijana. Ni kweli kidogo tu. Nilimuuliza kijana yule ilikuwaje akaingia katika kundi la wezi wa usiku. Akaniambia kwamba usiku wa kwanza alilala chini ya kibaraza, na mtu wa kwanza aliyemuuliza kama amekula alikuwa mkubwa wa kundi lile. Fikirini neno hili, ninyi akina baba. Mwizi alimuuliza kama amekula. Mimi msimamizi wake nilikuwa naezeka nyumba ya Mungu.

Katika mji ule ule wa Goma aliishi Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981. Hakuwa padri wala bruda. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa mpakani, na mwezi wa Julai 2007 aliuawa, kwa kuwa alikataa rushwa ya watu waliotaka kupitisha chakula kilichoharibika. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Wengi wajua habari ya kifo chake. Mimi napenda mkumbuke pia saa zake baada ya kazi: pamoja na rafiki zake wa jumuiya ya Sant'Egidio aliwaendea watoto wa barabarani, wale waitwao maibobo, akawasaidia wapate kusoma. Kijana mwenye mshahara na shati safi aliketi na wale ambao wengine huwafukuza mlangoni.

Mtakatifu Yoane Bosco naye aliijua shida hii, maana baba yake alikufa yeye akiwa hajatimiza miaka miwili. Alipopewa upadri mwaka 1841, alitembelea magereza ya mji wa Torino. Akaona vijana wakitoka gerezani, kisha wakirudi tena, kwa sababu huko nje hawakuwa na mtu wa kuwaangalia. Basi hakuridhika na mahubiri. Mwezi wa Februari 1852 aliandikiana mkataba na seremala mmoja kwa ajili ya kijana mwanafunzi. Seremala aliahidi kumfundisha ufundi, kumrudi kwa maneno tu, kutomtumia kwa kazi zisizo za ufundi ule, na kumwachia siku za sikukuu. Na baba wa kijana aliitwa naye, asimame kama mdhamini. Hapo ndipo nisipopata kuacha kushangaa: padri hakuchukua mahali pa mzazi. Alimpa mzazi mahali pake.

Sasa mtauliza: Sisi tulio mbali tufanye nini? Kijana asiondoke pasipo barua ya shirika lake kwa shirika la mjini, na jina la nyumba moja atakapofikia. Msimamizi apeleke habari kila mwezi, hata kwa dereva wa lori; siku hizi wengi wenu mna simu, basi msiseme njia ni ndefu. Wala mtoto asifukuzwe nyumbani kwa kuitwa mchawi, kwa kuwa mdogo wake ameugua au biashara imeanguka. Neno hili nalisema kwa ukali, kwa maana watoto wengi walalao barabarani katika miji yetu walitolewa nyumbani kwa neno hilo moja, na mara nyingine waliolisema walikuwa watu wa sala.

Barua yangu niliiandika siku ile ile, juu ya goti langu, pale sokoni. Familia moja ya shirika la mjini ilimpokea kijana, naye sasa yu kwa seremala. Mara mbili amerudia kanyanga, na mara mbili baba wa nyumba ile amekwenda kumtafuta usiku. Nami niliporudi kijijini nilikwenda kwa mama yake, nikakaa pale hata mumewe aliporudi, nikasema nao wote wawili. Mume hakujibu neno.

Mwezi uliopita mama alituma gunia la unga wa mihogo kwa lori. Aliyelibeba kichwani mpaka barabarani ni mumewe.